Tulipunguza Vyumba, Tukapata Nyumba

Mpenzi msomaji, kama una mwenza na mna kiwanja, jueni kuna ugomvi mmoja unawasubiri. Usicheke! Watu wanaweza kupendana miaka kumi bila kuchunguzana mfukoni. Siku mkisema mnajenga, hapo ndipo mapenzi, pesa na ukoo mzima vinapokutana uso kwa uso.

Sisi tulipanga Tabata kwa miaka saba. Vyumba viwili, choo cha kuchangia, na kila miezi sita mwenye nyumba anataka kodi yake yote kwa mkupuo. Kiwanja tulikuwa nacho Chanika, mita 20 kwa 25, tumekilipa kidogo kidogo mpaka kikaisha. Wakati tunakitafuta, dalali alituonyesha kingine cha bei ya kutupa, lakini kiko bondeni. Nikakataa katakata. Mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam tuliyaona wote: watu wa mabondeni walipoteza ndugu na mali, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande kuanza maisha upya. Ardhi ambayo maji yana njia yake hapo, hata ukipewa bure, ni ghali.

Haya, ramani sasa. Baba watoto alikuja na moja aliyoipenda kwa rafiki yake: vyumba vitano vya kulala, sebule mbili, kibaraza cha nguzo nne, na paa lenye vichwa vingi kama mji mzima. Nikamuuliza, "Baba, sisi tuko wanne. Vyumba vitano vya nini?"

Akanijibu, "Mama, mtu anajenga mara moja. Ndugu wakija watalala wapi? Na watu watasemaje?"

Hapo kwenye watu watasemaje ndipo roho yangu iliposhtuka. Shemeji yangu alianza nyumba kubwa Kibaha mwaka 2014. Ikafika kwenye lenta, pesa ikakata. Mpaka leo ni pagala, majani yameota mpaka sebuleni. Yeye na mkewe bado wanapanga, na neno "nyumba" halitajwi tena kwao, maana likitajwa tu hawasemeshani wiki nzima. Nilipoitazama ile ramani sikuona vyumba vitano. Niliona sisi wawili tunageuka kuwa wao.

Wiki tatu tulivutana. Yeye anasema simwamini, mimi nasema hanisikii. Mwisho nikamwomba kitu kimoja: Jumamosi twende kiwanjani na kamba, vigingi na ndoo ya majivu, tuichore nyumba yake chini, kwa vipimo vyake halisi. Tukaenda na watoto, na mama mkwe naye akasema haachwi.

Tukapima, tukamwaga majivu. Ilipokamilika, nyumba ilikuwa mita 15 kwa 17. Baba watoto akaizunguka kimya. Karo la maji machafu litakaa wapi? Gari litapita wapi? Watoto watacheza wapi? Mama mkwe, ambaye ndiye hasa alikuwa ameahidiwa chumba katika vile vitano, akaketi juu ya tofali akasema, "Mwanangu, mimi nilikuomba chumba chenye mlango, na choo kiwe karibu. Sikukuomba ikulu."

Tulicheka mpaka machozi! Kisha tukafuta, tukachora nyingine: mita 9 kwa 11, vyumba vitatu, sebule moja inayoungana na sehemu ya kulia. Chumba cha mama kiko jirani na choo, hakina ngazi. Kutoka mita za mraba 255 tukashuka hadi 99. Hakuna punguzo la dukani linalofikia hapo, jamani.

Baadaye tulimlipa mchoraji mwenye ujuzi atutengenezee ramani kamili, tukaipeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi. Wapo waliosema tunatupa hela. Kumbe kwake ndiko tulikojifunza kwamba pesa nyingi huokolewa wakati nyumba ingali karatasi.

Chukulia umbo. Nyumba ya mita 10 kwa 10 na ya mita 5 kwa 20 zote zina mita za mraba 100. Lakini ya kwanza ina ukuta wa nje wa mita 40, ya pili mita 50. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3, hizo mita 10 za ziada ni kama tofali 270 za inchi 18 kwa 9, bado lipu na rangi, ndani na nje. Ndiyo maana nyumba yetu ni boksi, na sioni aibu.

Paa nalo tuliliweka la pande mbili tu. Kila mahali ambapo migongo ya paa inakutana, mbao na bati hukatwa na kupotea, na hapo hapo ndipo panapopenda kuvuja. Jiko, bafu na choo vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo mabomba ni mafupi na chemba ni chache. Na kwa kuwa Dar iko karibu na Ikweta, pande ndefu za nyumba zinatazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisitupige ukutani. Madirisha yanatazamana: upepo wa kusi ukija unapita, wa kaskazi ukija unapita. Kiyoyozi hatujanunua.

Lakini kubana matumizi kuna mipaka yake. Fundi alitushauri tuweke nondo za milimita 10 badala ya 12 zilizoandikwa kwenye ramani, eti tofauti ni ndogo. Ni ndogo kwa macho. Chuma kinachopungua pale ni karibu theluthi nzima! Tukakataa kwa heshima. Mchanga wa baharini tukaukataa pia, kwa sababu chumvi inakula nondo. Zege tulilimwagilia maji kila siku kwa zaidi ya wiki, kazi ya ndoo isiyohitaji hela nyingi ila inaipa nyumba nguvu. Na saruji hatukuirundika. Tofali unaweza kuzikusanya mapema, lakini saruji ikikaa miezi inavuta unyevu na kuganda, na hapo umenunua mawe.

Pesa yenyewe je? Tulifungua akaunti ya ujenzi inayohitaji sahihi zetu wote wawili. Mchezo wangu wa kazini ukipokelewa, unaingia humo. Posho zake za safari, humo. Vifaa tulinunua wenyewe, fundi tukamlipa kwa hatua iliyokamilika: msingi, kuta, lenta, kupaua. Daftari likakaa juu ya friji, kila mtu analiona. Nakuambia ukweli, lile daftari lilituondolea ugomvi mwingi kuliko vikao vyote vya wazee.

Ilituchukua miaka miwili na miezi minane. Tulihamia kukiwa hakuna dari, sakafu ni ya saruji tupu, na milango ya vyumbani ni mapazia. Wageni wengine walishangaa kidogo. Ila kodi ya kwanza ya miezi sita ambayo hatukumlipa mtu ndiyo iliyonunua dari ya sebuleni. Iliyofuata ikanunua milango. Nyumba sasa inajimalizia yenyewe kwa pesa ya Tabata!

Ile ramani ya vyumba vitano bado ipo kabatini. Baba watoto hataki itupwe, nami sijamlazimisha. Mtu ana haki ya kutunza ndoto yake. Nyuma ya nyumba tumeacha nafasi ya chumba kimoja zaidi, siku Mungu akijalia.

Nawe msomaji, kabla hujapiga simu kwa fundi, kaeni chini wawili mjibu maswali matatu. Nani hasa atalala humu? Pesa ikikata leo, tutakuwa tumefika wapi? Na tunajenga ili tuishi au tuonekane? Majibu yenu yakitofautiana, msianze kuchimba msingi. Majivu yanafutika kwa mguu. Zege hadi nyundo.