Bidoni Tupu Siku ya Posho



Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia hapa Lubumbashi, sisi wamama wa mtaa tulisema tusibaki tena kitandani siku ya posho. (Wazee wetu waliiita Jumamosi hivyo kwa ajili ya chakula walichogawiwa wafanyakazi wa mgodi. Sisi hatugawiwi kitu, lakini jina limebaki.) Tukapanga futingi. Hakuna basi la kulipa wala kiingilio: tunatoka kwetu Katuba mpaka barabara ya lami, tunazunguka uwanja wa shule, tunarudi. Watoto mbele, wamama nyuma na vikwembe juu ya suruali, nyimbo za kanisa zikichanganyika na za harusi. Kukipambazuka tunaona kwa mbali bomba refu la moshi la Gécamines, na vumbi jekundu limeshatufika magotini.

Wababa walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wawili walikuja wenyewe, mmoja na viatu vya ofisi.

Kosa letu lilianzia kwenye daftari. Tuliandika nani amekuja na nani hakuja, na asiyekuja tukamtoza faini ndogo, bei ya mafungu mawili ya lengalenga. Ndogo kwetu. Mwenzetu mmoja, muuza mboga, alilipa mara tatu bila kusema neno. Nasi tulisema, tena kwa sauti, kwamba wengine hawapendi afya yao.

Wiki ya nne njia yetu ilikuwa imechimbwa, tukapita upande wa pampu. Tulimkuta pale kwenye foleni, na bidoni nne. Alikuwa ameamka saa tisa usiku, ameenda bustanini kununua mboga, amerudi nazo kichwani, na sasa anangoja maji kabla ya kwenda sokoni. Bidoni moja ni kilo ishirini. Sisi tulikuwa tumesomeana kwenye mkutano kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki, angalau. Yule mama anazimaliza kabla ya Jumatano.

Tulisimama pale na jasho letu, hatujui tuangalie wapi.

Tulimrudishia faini, daftari tukalifunga. Kisha tukaamua futingi iishie kwenye pampu, kila mmoja abebe bidoni ya mwenzake anayekwenda sokoni. Tulimpelekea habari hiyo tukidhani atashukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: « Asanteni, wamama. Lakini msinibebee ili mimi nikimbilie sokoni. Nibebeeni ili siku moja nitembee na nyinyi, bila kitu kichwani. »

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tulidhani anahitaji mikono. Alikuwa anahitaji asubuhi.

Basi tuligawana kazi. Binti mkubwa wa mmoja wetu alikwenda bustanini na orodha ya mboga, wengine wawili wakapanga foleni, na sisi wote tukaacha kukimbia, tukatembea. Vijana walinung'unika kwamba huo ni mwendo wa msiba, wakatangulia. Waende tu. Yeye alitembea katikati yetu na kandambili zake, akaimba kuliko wote, akatuonyesha nyumba aliyozaliwa, ambayo tulikuwa tumeipita wiki nne bila kujua. Kwenye kila shimo la barabara mkono wake ulipanda kichwani kushika mzigo, ukakuta kitambaa tu. Mara ya tatu alicheka mwenyewe, nasi tukacheka naye mpaka tukakaa chini.

Tuliporudi kulikuwa na munkoyo. Alikunywa kikombe kimoja, akaenda sokoni. Alichelewa, na siku hiyo aliuza kidogo. Tulinunua mboga zilizobaki, na jioni yake mtaa mzima ulikula bukari na lengalenga.

Siku ya posho inayokuja ni zamu ya mama anayekaanga mikate. Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenye bidoni tupu aje nayo.