MTOTO ANAHARISHA, UKWENI WANASEMA "KABEMENDWA": YALIYOMKUTA DADA WA VIDEO KANG'ATA

Mjini ana jina lake. Wapenzi wa singeli ukiwatajia tu ile video ya kanga mbili utasikia, "Aaah, yule!" Jina kapuni. Baba mtoto wake naye ni msanii, jina kapuni vilevile.

Desemba ile dada akapanda basi na mwanaye wa mwaka mmoja na miezi miwili. Dar mpaka Mkata, Mkata mpaka Handeni mjini, kisha bodaboda mpaka Kang'ata kwa mama mkwe. Baba mtoto alibaki Dar, shoo za mwisho wa mwaka si unazijua. Siku tatu za kwanza ilikuwa raha tupu: picha na mbuzi, picha na bibi, "kijijini kwa wakwe" na vikopa kopa kibao.

Siku ya nne alfajiri mtoto akaanza kuharisha. Mpaka saa nne asubuhi ameshaenda mara tano, maji matupu, na kutapika mara mbili.

Dada akafanya kile ambacho wengi wanafanya. Akatuma mtu dukani alete soda, "imrudishie nguvu". Mtoto akanywa kwa pupa, nusu saa haikupita akaharisha zaidi. Watu wengi hawajui hili: soda na juisi za dukani zina sukari nyingi, na sukari ikizidi utumbo unavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Yani unadhani unampa, kumbe unamnyang'anya.

Akakumbuka ana pakti ya ORS kwenye pochi. Akaimwaga yote kwenye kikombe kimoja cha chai, akakoroga. Akili yake ilimwambia ikiwa kali itafanya kazi haraka. Mtoto akaitapika yote.

Hapo ndo mama mkwe akavuta kigoda.

"Mama, niambie ukweli. Huyu mtoto hajabemendwa?"

Kwa wasiojua, kubemenda ni imani ya siku nyingi na iko sehemu kibao Tanzania. Wanasema mama anayenyonyesha akitoka na mwanaume mwingine, au akibeba mimba nyingine mapema, mtoto anadhoofika na kuharisha. Sasa wiki mbili kabla ya safari kulikuwa na picha imezunguka mitandaoni, dada kakumbatiwa na jamaa mmoja. Ilikuwa kiki ya video tu. Lakini kiki ya Dar ikifika Kang'ata inabaki kuwa kiki?

Mpaka saa tano jirani wa kwanza kaja "kumjulia hali mtoto". Saa sita wako wanne. Hakuna aliyesema kitu, ila wote walikuwa wanamwangalia mama, sio mtoto. Mama mkwe akatoa maagizo mawili: asinyonyeshe, maana maziwa yameharibika, na asimpe maji, maana kila anachokunywa kinatoka. Mzee mmoja wa dawa alishatumiwa salamu.

Na dada alitii. Huyu anayewajibu watu mitandaoni bila kupepesa macho, siku hiyo aliinamisha kichwa akakaa kimya. Aliona akibisha itaonekana anaficha kitu, na akimbeba mtoto kukimbilia zahanati itaonekana anakimbia dawa ya ukoo. Saa mbili nzima mtoto hakupewa chochote.

Simu ikaita, baba mtoto. Dada akapokea haraka akijua ataulizwa hali ya mtoto.

"Niambie tu ukweli. Ulikuwa na nani?"

Alikata simu. Hakulia, alibaki anamwangalia mwanaye, na mwanaye sasa alikuwa analia machozi hayatoki.

Aliyeokoa jahazi ni wifi yake, mdogo wa baba mtoto, binti anayeuza kwenye duka la dawa muhimu. Aliingia saa saba na kitu, akasalimia wakubwa shikamoo zote, akamsogelea mtoto. Akaangalia macho, yameingia ndani. Akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, ikarudi polepole badala ya kurudi palepale. Akamgusishia mdomoni kijiko cha maji, mtoto akakidaka kwa kiu.

"Wifi, amekojoa saa ngapi?"

"Tangu asubuhi sijaona mkojo."

Wifi akaonja kile kilichobaki kwenye kikombe, akakunja sura. "Hii si dawa, hii ni chumvi! Umeweka pakti nzima humu?"

Pakti ile ilikuwa ya lita moja. Sio kikombe, lita. Akachukua chupa mbili za maji za nusu lita, akapima maji yaliyochemshwa na kupoa, akamwaga pakti nyingine, akaonja tena. Kipimo cha haraka ni hiki: ikikolea chumvi kuliko machozi, umekosea. Na sio kila pakti ni ya lita moja, zipo ndogo, kwa hiyo soma maandishi kwanza. Ukiifanya kali, chumvi inazidi mwilini na mtoto anaumia zaidi. Ukiifanya nyepesi sana haitoshi.

"Mama," wifi akamwambia mama yake kwa adabu, "dawa ya mzee itasubiri. Maji hayasubiri." Akaita bodaboda mbili. Njia nzima ya vumbi wifi anashika chupa, dada anashika kijiko. Mama mkwe akapanda ya nyuma, kanuna.

Zahanati nesi aliomba kadi ya kliniki. Akaangalia chanjo, hasa ile ya rota, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto wote mwishoni mwa 2012. Mtoto alikuwa nayo. Chanjo haizuii kila kuhara, ila inapunguza ule mkali wa rota unaolaza watoto. Kisha akampima, kilo 9.

Hesabu yake ilikuwa ya darasani kabisa. Mtoto aliyepungukiwa maji lakini bado anaweza kunywa anapewa mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa nne. Kilo 9 mara 75 ni mililita 675, zaidi kidogo ya nusu lita. Kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Na ziwa apewe kila akitaka, tena mara nyingi. "Aliyekwambia maziwa yameharibika ni nani?" nesi akauliza. Dada akaangalia chini. Mama mkwe akaangalia dirisha.

Hii ORS unayoiona ya bei chee ina historia nzito. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh, wakimbizi walijazana India na kipindupindu kikawavamia. Dripu zikaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukosi kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wakawanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Siri ni kwamba sukari kidogo, kwa kipimo, inaivuta chumvi kuingia mwilini, na chumvi inaingia na maji. Tumbo linaweza kuwa bado linaharisha na maji bado yakaingia.

Saa nne za kijiko sio mchezo. Dada mkono ukafa ganzi, wifi akapokea. Wifi akachoka. Hapo mama mkwe, bila kuambiwa na mtu, akasema, "Lete huyo." Akampakata mjukuu, akaendelea kijiko kwa kijiko. Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni mtoto akakojoa, akalilowesha gauni la bibi lote. Bibi akacheka peke yake.

Nesi akawapa zinki, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 (chini ya miezi sita ni nusu yake), na pakti za kwenda nazo. Nyumbani kila akiharisha apewe mililita 50 mpaka 100, yani robo mpaka nusu kikombe, na chakula kama kawaida. Hakuna dawa ya kuzuia kuhara kwa mtoto. Ila ukiona damu kwenye choo, mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, usikae nyumbani na kijiko. Kimbia hospitali, huyo anaweza kuhitaji dripu.

Walipokuwa wanaondoka mama mkwe alibaki nyuma na nesi. Wifi alisikia. Kabla ya baba mtoto kuzaliwa, bibi alikuwa na mtoto mwingine. Akaharisha siku mbili, akafa. Mume alikuwa amesafiri, ukoo ukasema yeye ndo kabemenda. Alikuwa hajatoka na mtu yeyote. Lakini alikaa na neno hilo miaka yote, mpaka akawa anaogopa labda kuna kosa alilifanya bila kujua.

"Kwa hiyo haikuwa mimi?" akauliza.

"Mama, mtoto hafi kwa sababu ya picha wala mwanaume. Anakufa maji yakimwisha."

Watu wa afya wanasema imani ile ina kaukweli kamoja ndani yake: mimba ikija mapema, mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati na anadhoofika kwa lishe. Hilo linaongeleka. Ila kumnyima maji mtoto ili mama akiri dhambi, hapana.

Usiku huo mama mkwe alimuomba radhi mkwewe kwa namna yake. Alimchemshia maji ya kuoga, na Handeni maji ya dumu unayajua yanavyopatikana. Kesho yake jirani aliporudi "kujulia hali", bibi alimjibu mlangoni: "Mtoto mzima. Alikuwa anaharisha tu."

Baba mtoto alituma meseji siku mbili baadaye: "Nasikia dogo poa." Dada aliisoma. Mpaka leo hajaijibu, na ile picha ya kiki hajaifuta.

Wadau, ingekuwa wewe ungeijibu hiyo meseji? Na ndani kwako sasa hivi, pakti ya ORS ipo au ipo soda?