Barua kutoka Hamburg: Kupamba Ukuta wa Mtu

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Tanga.

Barua yako imewasili. Malalamiko yako juu ya wapangaji wako wa Ngamiani, ambao kila ahamaye huacha ukuta umechimbika kwa misumari ya zege hata lipu ikamomonyoka, nimeyasoma kwa masikitiko na, uniwie radhi, kwa kicheko kidogo pia. Maana mimi niko upande wa pili wa shauri hilo, mpangaji hapa Ujerumani, nchi ambayo zaidi ya nusu ya wakazi wake huishi katika nyumba za ijara, wengi wao mpaka uzeeni, wala hawaoni kuwa ni upungufu. Umeniuliza watu wa huku hupambaje nyumba zisizo zao bila ya kuziharibu. Nitakujibu kwa kadiri ya nilivyoona.

Nyumba ya kupanga huku aghalabu hukabidhiwa tupu kwelikweli: kuta nyeupe, sakafu iliyofagiwa, na mara nyingi hata jikoni hamna kitu, kwa kuwa makabati, sinki na meko ni mali ya mpangaji aliyetangulia naye ameondoka navyo, na pale palipokuwa na taa pananing'inia nyaya tu. Kabla ya funguo kutolewa, mwenye nyumba na mpangaji huzunguka chumba kwa chumba wakiandika katika hati ya makabidhiano kila mkwaruzo, kila kigae chenye ufa, na tarakimu za mita ya umeme na ya maji, kisha wote wawili hutia sahihi. Hati hiyo ina uzito mkubwa, kwani mpangaji huweka dhamana, ambayo sheria imeiwekea mpaka isizidi kodi ya miezi mitatu bila ya kuhesabu gharama za maji na za joto. Ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, naye mwenye nyumba hana ruhusa ya kuichanganya na mali yake. Wewe unayedai miezi sita kwa mkupuo utasema kwamba watu hawa wamedekezwa, na huenda ukweli usiwe mbali na hapo.

Mtu angedhani, basi, kwamba katika nchi yenye hadhari ya namna hiyo kutoboa ukuta ni jinai. La hasha. Kutoboa kwa kiasi cha kawaida, ili mtu atundike kioo, rafu au picha za wazee wake, huhesabiwa kuwa ni sehemu ya kuishi, na mwaka 1993 mahakama ya juu ya madai, iliyoko Karlsruhe, ilibatilisha sharti la mkataba lililomtaka mpangaji abadilishe vigae alivyovitoboa. Kila nyumba ina keekee ya umeme, au jirani wa kuazima kwake, na kila droo ina vile vijiti vya nailoni vinavyopanuka ndani ya tundu skrubu inapokazwa, alivyovibuni Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958. Ila Jumapili na sikukuu usithubutu. Siku hizo keekee ikilia, kabla tundu halijafika mwisho mlango utakuwa umeshabishwa.

Kwa upande wa rangi sheria ni kali zaidi, na hukumu yake imenipendeza kwa jinsi ilivyopima mambo. Watu fulani waliipokea nyumba mwaka 2007 ikiwa imepakwa rangi nyeupe mpya, wakapaka baadhi ya kuta nyekundu, nyingine njano, nyingine buluu, na mwaka 2009 wakahama wakaziacha vivyo hivyo. Shauri likapanda hadi Karlsruhe, na mwaka 2013 ikaamuliwa kwamba wawajibike kwa hasara ya mwenye nyumba. Haikusemwa kwamba wekundu ni haramu. Maadamu unakaa humo, macho ni yako, paka utakavyo. Lakini utakapotoka, urudishe rangi ambayo mpangaji ajaye, usiyemjua, hataikirihi.

Waama kinachowasumbua wengi ni ukuta wenyewe. Nyumba nyingi zimebandikwa karatasi iliyochanganywa na chembe za mbao, iliyobuniwa mwaka 1864 na mfamasia Hugo Erfurt wa Wuppertal, ambayo hupakwa rangi juu yake mara baada ya mara, na uso wake una vinundu vinundu. Karatasi hii huzikataa gundi. Zipo tepu maalumu za kutundikia vitu bila msumari, na kampuni ya tesa, ambayo asili yake ni mji huu huu, huzitengeneza kwa ustadi: ukitaka kuibandua huivuti kuelekea kwako, bali huushika ulimi wake na kuunyosha polepole sambamba na ukuta, nayo hurefuka na kuachia bila ya alama. Lakini hiyo ni kwa kigae, kioo na mbao laini. Juu ya karatasi ya vinundu itaanguka usiku, au, vibaya zaidi, itashika barabara na kuondoka na ngozi ya ukuta. Wajuzi, kwa hiyo, huchagua tundu moja dogo, ambalo siku ya kuhama huzibwa kwa lipu ya kopo. Wanafunzi huziba kwa dawa ya meno, wakiomba mkaguzi asiwe na miwani.

Katika shughuli hizi mimi humkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyeondoka huko mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaishi hapa kwa jina la Emily Ruete, akafiwa na mumewe mwaka 1870, na baada ya hapo akahamahama, mara Dresden, mara Rudolstadt, mara Berlin. Kaburi lake liko hapa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza vyumba vya kwao: kuta nene zenye zidaka, mbao za rangi ya kijani zikizigawa, na juu yake vyombo vya kioo na vya kaure vimepangwa. Fundi wa pwani aliyejenga kwa mawe na chokaa alikwisha kumfikiria mkaaji na mapambo yake kabla ukuta haujasimama, hata hapakuwa na haja ya kupigilia kitu. Huku kidaka cha mpangaji ni rafu isimamayo kwa miguu yake, yenye vibandiko vya kitambaa kizito chini ili sakafu isikwaruzwe. Na picha kubwa huegemezwa tu juu ya kabati, jambo ambalo kwetu lingedhaniwa ni uvivu na huku ni umaridadi.

Sasa nikuambie lililonikaa moyoni. Nimeingia katika nyumba za wenzetu waliokaa huku miaka na miaka, nikakuta kuta nyeupe tupu, hata kalenda hakuna. Na ukiuliza, watakutajia dhamana na ukali wa mwenye nyumba. Mimi sisadiki. Sheria, kama nilivyokueleza, imewaruhusu. Ninavyoona mimi, kila mwaka kwao ni mwaka wa mwisho, na mwenye kutundika picha amekiri kwamba anakaa. Na huku wakiishi hivyo, fedha zao huenda Mbezi na Kigamboni, zikajenga nyumba yenye dari la nakshi, marumaru na pazia za tabaka mbili, ambayo hulindwa na mlinzi na kukaliwa na vumbi. Sisemi mtu asijenge kwao. Nasema mapambo ni haki ya mwenye macho, na macho yao yako huku, pamoja na ya watoto wao, ambao hawajui ukuta mwingine.

Kwa hiyo ule mkeka wa ukindu aliokwisha kuusuka Bi. Mkubwa, tafadhali niletee kwa mkono wa yeyote ajaye, mradi usizidi mita mbili kwa urefu. Nitautundika kwenye ukuta wa ndani, kwani ukuta wa nje wakati wa baridi hukusanya unyevu, na kitu kikiufunika pasipo nafasi ya hewa huota ukungu, na ukungu huo ndio uharibifu ambao dhamana hulipia kwelikweli.

Ama wapangaji wako, usiwafukuze. Andika hati ya makabidhiano, mtie sahihi nyote, kisha mwite seremala apigilie ubao mwembamba wa mninga kuzunguka kila chumba karibu na dari, wenye kulabu za kuhamishika, na uwaambie watundike hapo watakacho. Gharama yake haitafika ya kupiga lipu kila mtu ahamapo.

Wasalaam, na unisalimie jamaa wote.

Mpwa wako,
Hamburg