Nyimbo Zilizovuka Namanga

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limesambaratika, Jumuiya yenyewe ikawa mahututi, na upande wa Tanzania kizuizi kikateremshwa pale Namanga kisiinuliwe tena mpaka Novemba 1983. Watu wakizungumza juu ya miaka ile hutaja biashara zilizokufa, magari yaliyozuiliwa na koo zilizogawanywa. Yote ni kweli, niliyaona. Lakini mimi nilikuwa kijana mdogo wa Namanga, upande wa Kenya, mtoto wa mama mwenye hoteli, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni jinsi tulivyopeana nyimbo.

Hoteli ya mama ilikuwa ya mabati, kando ya barabara ya Arusha, mlima Oldoinyo Orok ukiwa juu yetu. Kabla ya kufungwa kwa mpaka, madereva wa malori walishuka pale kula chapati, maharagwe na nyama ya mbuzi huku wakingoja makaratasi yao. Baada ya Februari viti vilibaki vitupu. Walikuja askari, wafugaji, walimu wawili watatu, na mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo wa lori la Nairobi na Arusha. Lori lake halikuwa na safari tena, naye akabaki Namanga akifanya vibarua. Tulimwita Mjomba. Mali yake ilikuwa gramafoni ndogo ya betri na sanduku la santuri, zile ndogo za wimbo mmoja mmoja alizokuwa akizinunua River Road, Nairobi, kila alipofika huko.

Mjomba hakuwa mtu wa kupiga santuri ovyo. Alikuchagulia. Alikutazama kwanza, akauliza umekula, umetoka wapi, ndipo akapekua sanduku. Halafu hakukuacha usikilize hivi hivi. "Wachana na mwimbaji," alinambia siku moja, "msikilize huyu wa besi anavyotembea." Alikuwa ameweka Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa 1978 baada ya Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa, kuondoka Simba Wanyika pamoja na wenzake, Tom Malanga wa besi akiwamo, kisha sauti ya John Ngereza ikaongezeka. Hapakuwa na tarumbeta kumfunika mtu. Nilisikia gitaa la rithimu likirudia maneno yale yale bila kuchoka, na besi ikilijibu kutoka chini. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikisikia nyimbo. Tangu siku hiyo nasikia watu wanaopiga.

Jambo moja kuhusu santuri zile ni lazima nilieleze, maana vijana hawalijui. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu. Studio za Nairobi ziliukata vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili pale gitaa linapokolea na watu kuanza kucheza kwa nguvu. Katikati palikuwa na kituo. Mjomba aliinua sindano, akageuza santuri, akashusha sindano, na sisi tulisimama sakafuni tukingoja na mguu mmoja hewani. Tuliujua wimbo pamoja na kile kituo chake.

Upande wa pili wa mpaka, mwendo wa kutembea kwa mguu, alikaa mama mdogo, aliyeolewa huko kabla sijazaliwa. Binti yake alinizidi umri kidogo, kwa hiyo alikuwa dada yangu. Magari hayakupita, lakini mifugo iliendelea kwenda majini na malishoni kama ilivyokwenda tangu zamani za mababu, na watu walifuatana na mifugo yao. Askari wa pande zote mbili walizijua nyuso zetu. Dada alikuja na ng'ombe wa baba yake, mimi nikaenda na mbuzi wa mama, na pale kwenye maji ndipo tulipofanya biashara yetu. Nilimpa betri. Yeye alinipa Dar es Salaam.

Kwao redio ilikuwapo, National ya baba yake, lakini betri zilikuwa zimeadimika pamoja na sukari, sabuni na dawa ya meno, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Betri zilizochoka walizianika juani zipate uhai wa jioni moja. Kwetu betri zilikuwako dukani, ila redio ya mama ilikaa Sauti ya Kenya mchana kutwa, kwa ajili ya wateja waliotaka taarifa ya habari na salamu, na usiku ilifungiwa kabatini. Hakuna mtoto aliyethubutu kugusa kisukani. Kwa hiyo Radio Tanzania Dar es Salaam niliipata kwa kinywa cha dada.

Alikuwa na daftari. Bendi ilipopigwa redioni aliandika jina la wimbo, jina la mtunzi kama mtangazaji alilitaja, kisha mashairi kadiri mkono ulivyowahi. Pale maneno yalipomkimbia aliacha nukta nukta, akangoja wimbo urudi wiki nyingine azijaze. Wimbo mmoja uliweza kukaa na nukta zake miezi. Nukta zikiisha, alikuja majini akaniimbia wote, mwanzo mpaka mwisho, na sehemu za tarumbeta akizipiga kwa mdomo. Hivyo ndivyo nilivyoijua Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, kabla sijawahi kuisikia yenyewe. Alinieleza kwamba Muhiddin Maalim Gurumo ana sauti nzito ya mtu mzima anayekukalisha chini, na Hassan Rehani Bitchuka anapanda juu mpaka unaogopa atakatika, na hakatiki. Alikuwa upande wa Sikinde, yaani Mlimani Park, kabisa. Jirani zao walikuwa wa Msondo, wapenzi wa Juwata, na walibishana kisimani mpaka ng'ombe wakajiondokea.

Nilishangazwa sana na habari za bendi zenyewe. Kwetu mwanamuziki alikuwa mtu wa baa na santuri. Asipouza santuri, hali. Dada alinihesabia: Juwata ni ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ni ya vijana wa chama, Bima Lee ni ya Shirika la Bima la Taifa, jeshi lina bendi, polisi wana bendi, magereza wana bendi. Niliuliza shirika la bima linataka nini na gitaa. Alinitazama akanijibu, "Sasa ndugu, wafanyakazi wa bima hawachezi?"

Nimefikiri juu ya jibu hilo kwa miaka mingi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Zamani bendi zake zilikuja Nairobi kurekodi, na santuri zikarudi na mabasi. Mpaka ulipofungwa njia hiyo iliziba, na nyimbo nyingi nzuri kabisa za wakati ule zikabaki katika kanda za studio ya Radio Tanzania tu. Hukuweza kuzinunua. Hukuweza kumpa mtu. Ukitaka rafiki yako azipate, ilikuwa lazima uzibebe wewe mwenyewe kichwani, na uzibebe vizuri. Ndiyo maana namwita dada mwanamuziki, ingawa hakuwahi kushika gitaa.

Januari 1979 alivuka asubuhi mapema, bila ng'ombe. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alikuwa amekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Huyu hakuwa wa upande mmoja. Aliyeipeleka Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na baadaye akaunda Super Volcano, alikuwa akipigwa kwa mama na kwa mama mdogo sawasawa, na wimbo wake wa Shida niliujua kabla sijajua shida ni nini. Alizaliwa kwao akafia kwetu, na kati ya pande hizo mbili hapakuwa na basi hata moja. Mjomba alitoa santuri zake zote za Mbaraka siku hiyo, akazipiga mpaka betri zikaisha, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kutoa vitu bure, alikwenda dukani akarudi na nyingine.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya bweni Kajiado. Nilikwenda nikidhani najua muziki wote wa dunia, na usiku wa kwanza tu bwenini nikagundua kwamba kila kijana amekuja na wa kwao. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi hupita Kajiado, na mmoja wetu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mjaluo, aliyempenda D. O. Misiani na Shirati Jazz kupita kiasi. Alipiga benga kwa vidole juu ya kitanda cha chuma. Nilimwambia kwamba Shirati iko Tanzania, kwamba Misiani wake amezaliwa upande wa dada yangu. Alikataa kuniamini wiki nzima. Mwingine alitoka Kitengela, wakati ambapo Kitengela ilikuwa tambarare ya nyasi na maduka machache, twiga wakionekana ukiwa ndani ya basi. Kaka yake alifanya kazi Athi River na mishahara ikitoka alikwenda Nairobi. Kwa kijana huyo muziki ulikuwa Super Mazembe, na kuanzia 1981 Virunga ya Samba Mapangala, iliyopiga klabu ya Starlight. Alituambia nani kavaa nini, nani kacheza vipi. Nami niliwapa Sikinde kwa mdomo, tarumbeta zikiwamo, kama nilivyopewa. Walizipokea. Likizo ilipofika nilivipeleka Virunga na benga majini.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya Simba Wanyika. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakaenda Arusha wakaanzisha Arusha Jazz, kisha 1971 wakavuka kuja Kenya, Mombasa, na jina hilo likazaliwa huko. Dada alisema ni Watanzania, hakuna mjadala. Mimi nilisema santuri zao zote ni za Nairobi. Kilichoniuma hasa ni kwamba walikuwa Arusha, wakahamia Mombasa. Arusha! Saa chache tu kutoka kwetu.

Mwaka 1983 ulianza vibaya. Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, nyumba zilipekuliwa na watu wakaogopa kuonekana na kitu chochote cha Kenya. Mama mdogo alifukia sabuni na betri nyuma ya zizi. Alitaka kufukia pia santuri moja ya Les Wanyika niliyompa dada, ambayo alikuwa ameihifadhi bila kuwa na gramafoni ya kuipigia. Dada alikataa. Aliishona ndani ya godoro la nyasi na akalala juu yake.

Novemba marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Malori yalipiga honi usiku kucha. Dada alikuja siku ya pili kwa barabara kubwa, mchana kweupe, daftari mkononi na santuri kwapani. Mjomba alikuwapo. Aliishika santuri ile kwa ncha za vidole, akaifuta, akaiweka. Ilikuwa imepinda kidogo, lakini ilicheza. Wimbo huo dada aliujua kwa kuimbiwa na mimi, na alikuwa ameuandika wote. Ulipofika katikati, Mjomba akainua sindano na kuigeuza santuri. Dada alifungua daftari akanionyesha. Katikati ya ukurasa, baina ya beti mbili, alikuwa ameandika: "Hapa wananyamaza kidogo." Kila nilipomwimbia nilisimama pale santuri inaposimama, naye akaamini kwamba bendi ndivyo ilivyopanga. Alicheka mpaka akakaa chini.

Leo niko Kitengela, mji wa maghorofa na matatu. Pale Namanga tangu Desemba 2018 nchi zote mbili zinagonga mihuri ndani ya kituo kimoja cha pamoja. Wajukuu wananitumia nyimbo za Bongo Fleva kwa simu, tano kwa asubuhi moja, na nazifungua zote. Ila huwapigia simu nikawauliza: nisikilize nini humu? Mmoja hunijibu vizuri. Hunambia subiri dakika ya pili, sikiliza kinanda kinavyoingia. Huyo nazisikiliza zake mara mbili.

Dada yuko Longido na daftari bado analo. Karibu nyimbo zote tumeshazipata, zingine redioni, zingine kwenye intaneti. Umebaki mmoja. Ana mashairi yake yote, nukta hazimo, lakini mtangazaji alipotaja bendi stesheni nyingine iliingilia na jina likapotea. Ni wimbo wa mtu anayewaandikia wazazi wake. Yeye anasema ni Jamhuri Jazz ya Tanga, kwa sababu ya gitaa la solo. Mimi, nikisikiliza anavyoupiga kwa mdomo, nasema lile si gitaa la Tanga, ile ni Tabora. Jumapili iliyopita alinipigia akauimba tena, polepole, akanitaka nisikilize besi. Nilisikiliza. Bado nasema ni Tabora.