Uzamivu wa Kunguru, Kariakoo

Ukisema unasomea uzamivu wa ndege, watu hufikiria Serengeti, au Udzungwa alikopatikana mwaka 1991 kwale ambaye sayansi haikuwa imemjua. Mimi nafanyia kazi Mtaa wa Msimbazi na vichochoro vinavyolizunguka soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Ndege wangu ni kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kazi hiyo hajaiacha. Ila anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine, na kunguru wetu wa kienyeji, yule mwenye kifua cheupe, humwoni tena kirahisi mjini kati.

Wadogo zangu wa chuo huniuliza nafasi za uzamivu ziko wapi. Zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine kuna wasimamizi. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusomea humu humu Afrika. Jos, Nigeria, kuna taasisi ya APLORI iliyojengwa kwa ajili ya elimu ya ndege, na Cape Town kuna taasisi ya FitzPatrick, ya ndege vilevile, tangu 1960. Lakini wengi huanza kwa kuwinda tangazo, na tangazo huja na ndege wa mtu mwingine na swali ambalo mtu mwingine ameshalitafuna. Nionavyo mimi, anayekwenda kwa msimamizi na swali lake mkononi husikilizwa zaidi.

Na maswali Kariakoo yamejaa tele. Wauza kuku wanaapa kwamba kunguru humjua kwa sura aliyemrushia jiwe, akamwandama yeye peke yake katikati ya umati wote ule. Usicheke. Kule Seattle, John Marzluff na wenzake waliwakamata kunguru wa Marekani huku wamevaa barakoa, na miaka kadhaa baadaye kunguru walikuwa bado wanaipigia kelele sura ile. Kwetu jambo hili linagusa mpaka fedha za umma. Dar es Salaam imeshatumia mitego na sumu dhidi yao. Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja pwani. Kama kunguru anakumbuka chambo kilichomuua mwenzake, basi wanaobaki baada ya kila kampeni ni wale wenye hadhari, na ndio wanaozaa na kufuatwa na makinda yao jalalani. Je, hadhari hiyo inafundishwa? Hapo kuna tasnifu nzima.

Kisha kuna moto ulioliunguza soko la Kariakoo Julai 2021. Soko kuu likafungwa, wafanyabiashara wakahamishiwa Kisutu, Machinga Complex na kwingineko, na mabaki ya chakula yakahama nao. Je, kunguru nao walihama? Hakuna mfadhili ambaye angegharamia jaribio kubwa namna ile. Mimi nilianza baadaye, kwa hiyo hesabu za kabla ya moto sina. Ndiyo maana sasa nahesabu kila alfajiri hata pale ambapo tasnifu yangu hainidai.

Gharama kubwa ya uwandani kwangu ni nauli ya daladala na chai ya mama lishe. Usumbufu ni watu. Ukielekeza darubini kwenye paa la mtu, mgambo anakuuliza unapeleleza nini, na barua ya chuo haimtoshi mpaka mzee wa mtaa aseme, “Mwache huyo, ni mwalimu wa kunguru.” Ukitaka kuwakamata na kuwavisha pete za rangi, anza mapema kufuatilia kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Swali moja sitalifikia: viota vya nyaya. Kunguru hawa huokota vipande vya waya mjini wakajengea. Je, kiota cha waya kinahifadhi makinda vizuri kuliko cha vijiti, au kinawachoma na jua la Februari? Anayelitaka alichukue. Viota vyenyewe anaweza kuanza kuvitafuta kesho asubuhi, Mnazi Mmoja.