Nyuki anapigiwa kelele, mbu anapita kimya



Mimi nafundisha darasa la nne hapa Uvira. Mwaka huu nyigu walimuuma mtoto mmoja chini ya mwembe, wakati wa mapumziko. Mama yake alikuja mbio, majirani wakaleta chumvi, kitunguu na mafuta ya mawese. Wiki chache baadaye mtoto yuleyule alilaza kichwa kwenye meza, mwili moto. Nilipomrudisha nyumbani, jirani aliyempokea aliniambia: “Mwalimu, hiyo ni mbu tu, itapita.” Haikupita. Alilazwa siku tano, akakosa mitihani.

Wote tuko hivyo. Tunaogopa kile kinachomfanya mtoto alie. Lakini mbu wa malaria anakuja usiku, mtoto amelala, na kuuma kwake hakusikiki. Malaria ni moja ya magonjwa yanayoua watoto wengi katika nchi yetu.

Nyuki na nyigu tusiwadharau. Nyuki anaacha mwiba wake, nao unaendelea kuingiza sumu. Uutoe upesi, hata kwa ukucha. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Lakini uso au midomo ikivimba, mtoto akipumua kwa shida au akizimia, mpeleke kituo cha afya palepale. Usingoje kitunguu. Na tuwakataze watoto kutupia mawe viota.

Sasa mbu. Chandarua ni cha kila usiku, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa na Ruzizi maji hayatuishii. Najua joto la Uvira. Najua pia kwamba wageni wakifika, watoto ndio wanaohamia kwenye mkeka bila chandarua. Tuwafungie chandarua hapohapo juu ya mkeka. Si nyavu ya kuvulia ndagala, wala kifuniko cha lengalenga. Kikichafuka, kioshe polepole kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu dawa yake.

Mbu anahitaji juma moja au mawili tu kutoka yai mpaka kuruka. Kwa hiyo siku ya salongo tusifagie tu: tumwage maji ya makopo, matairi na ndoo zilizopasuka, na tufunike mapipa ya maji ya kunywa.

Mtoto akipata homa, apimwe siku ileile au kesho yake. Ni tone moja la damu ya kidole, na jibu linatoka kabla hujamaliza kuzungumza na mama aliye pembeni yako. Kununua vidonge bila kupima ni kubahatisha na maisha ya mtoto.

Likizo kubwa iko karibu. Mwezi wa saba na wa nane wengi watawatuma watoto kwa babu zao, Luvungi au Sange. Tunafunga nguo, viatu na sabuni ndani ya mfuko. Mama mwenzangu, kabla hujaufunga huo mfuko, weka chandarua juu.