Ndege wa Uani Wakati wa Eda

Watu wanaoona picha za ndege kwenye simu yangu huniuliza nilisafiri wapi. Sikusafiri. Zote nilizipiga uani kwetu, Fuoni, ndani ya miezi minne na siku kumi za eda ya marehemu mume wangu.

Alifariki mwezi wa Disemba, kaskazi inavuma na joto limeshika. Baada ya hitma watu waliondoka mmoja mmoja, tukabaki mimi, mama mkwe na wifi yangu mdogo. Aliye edani ana muda mwingi wa kufikiri, na si kila fikra ina kheri. Nikawa nakaa dirisha la jikoni, linalotazama mkomamanga na mlimau.

Hapo ndipo nilipomjua chozi. Ni ndege mdogo, mdomo wake mwembamba umepinda, anafyonza maji matamu ya maua ya mkomamanga na mgomba. Dume anang'aa juani. Jike rangi yake imefifia, hana makuu. Mama mkwe ndiye aliyenitajia jina lake. Tukatazamana, maana machozi nyumba ile ilikuwa nayo ya kutosha, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tukacheka.

Januari jike alianza kujenga kwenye mlimau. Kiota cha chozi kinaning'inia kama kifuko, kina mlango ubavuni, kimefumwa kwa nyasi kavu na utando wa buibui. Alijenga mwenyewe, na akaatamia mwenyewe. Kwa muda wa wiki mbili hivi nilikuwa naona mdomo wake tu mlangoni.

Nilitumia simu ya kawaida. Baada ya Alfajiri, jua likianza kupanda, mwanga huwa laini. Niliiegemeza simu kwenye nondo za dirisha, pazia likanisitiri, nikazima taa ya kamera, nikangoja. Wifi alitaka tulivute tawi ili makinda waonekane. Nilimkatalia. Wengi tunaijua tangu chuoni ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuamrisha makinda warudishwe kwa mama yao baada ya masahaba kuwachukua. Tena tawi likifunuliwa, kunguru yuko juu ya bati anaangalia. Kunguru hawa si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, wakawa wala mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo picha ya makinda sina. Ninayo ya mama yao akiwaletea buibui mdomoni.

Jioni walipita mbayuwayu, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kula joto letu. Aprili, mawingu ya masika yalipokusanyika, walipungua siku hata siku, wakarudi kwao kuzaa. Eda yangu iliisha wakati huohuo.

Sasa shemeji zangu wanataka mlimau ukatwe, ua umwagwe zege ili gari lipate pa kukaa. Nimewaomba kwa adabu waache mti, na mama mkwe yuko upande wangu. Mazungumzo hayajaisha.

Kwako biharusi unayehamia nyumba ya watu: ugeni wa siku za mwanzo ni mzito. Kabla hujapanga makochi, fungua dirisha la nyuma ujue nani wanaishi uani. Panda mkomamanga, hata kwenye ndoo kubwa. Huna haja ya kamera ya bei.

Na dada yangu uliye edani, sikuambii usilie. Sogeza tu kiti dirishani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Amin.